Kiputo Kisicho na Kiswahili: Hadithi za Picha za Utotoni na Msomaji wa Kasongo na Kabambare

1. Utangulizi

Mtu mzima anapokishika tena kijitabu cha picha alichokipenda utotoni, jambo la kwanza linalomgusa ni udogo wake. Kurasa alizozikumbuka kuwa nyingi ni chache. Mbio za gari zilizochukua jioni nzima zimo ndani ya miraba minne ya picha. Hilo huwapata wasomaji wa pande zote za dunia. Lakini msomaji aliyekulia Kasongo au Kabambare, kusini mwa Maniema, ana jambo la pili la kumshangaza, nalo ndilo linalohusu taaluma ya Kiswahili. Wahusika aliowakumbuka wakisema Kiswahili, kwenye karatasi hawasemi Kiswahili. Wanasema Kifaransa, au wanasema lugha ya vijana wa Kinshasa. Maneno aliyoyacheka, matusi aliyoyaiga na vitisho vilivyomnyima usingizi havimo kitabuni.

Ni rahisi kuliita jambo hili kosa la kumbukumbu na kuliacha hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba si kosa. Kitabu kilichopendwa hakikuwa kile kilichochapishwa, bali kile kilichosimuliwa kwa Kiswahili juu ya picha zilizochapishwa. Ikiwa dai hili ni la kweli, basi mtu mzima anayevirudia vijitabu vyake anayo mkononi nusu moja tu ya matini, na nusu ya pili, ambayo ni ya Kiswahili, imo hatarini kupotea bila kuwahi kuandikwa.

2. Mahali na lugha

Kiswahili kiliingia Maniema pamoja na misafara ya karne ya 19. Kasongo ulikuwa makao makuu ya Tippu Tip, na hata baada ya mji huo kuangukia mikononi mwa jeshi la Dhanis mwezi Aprili 1893, lugha haikuondoka. Ilibaki kwa jina la Kingwana, ikawa lugha ya soko, ya msikiti, ya misheni na ya kazi, huku lugha kama Kizimba na Kibangubangu zikiendelea nyumbani na mashambani. Hata hivyo, maandishi ya Kiswahili yanayoihusu nchi hiyo yalitoka kwingine. Kitabu kinachofahamika zaidi, yaani maisha ya Tippu Tip kama alivyoyaeleza mwenyewe, kiliandikwa Unguja. Maniema ilizungumza Kiswahili. Pwani ndiyo iliyokiandika.

Hali hiyo haikubadilika sana katika karne ya 20. Kiswahili kilitumika katika madarasa ya chini na katika mafundisho ya dini, lakini Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya cheti, ya ofisi na ya kitabu kinachonunuliwa kwa fedha. Mtoto alijua mapema kwamba maneno yenye thamani huandikwa kwa lugha moja, na maneno yenye ladha husemwa kwa lugha nyingine. Hadithi za picha zilimfikia katikati ya mgawanyo huo.

3. Vilivyosomwa

Vijitabu vya picha vilivyosomwa nchini Kongo vinaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni vile vya Ulaya. Kinachojulikana kuliko vyote ni kisa cha safari ya Tintin nchini Kongo, kilichochorwa na Mbelgiji Hergé ambaye hakuwahi kufika huko. Kilianza kutoka gazetini mwaka 1930, kikawa kitabu mwaka 1931, na mwaka 1946 kikatolewa upya kwa rangi baada ya kufanyiwa marekebisho. Katika toleo la awali Tintin anasimama mbele ya darasa la watoto wa Kongo na kuwafundisha juu ya nchi yao, Ubelgiji. Katika toleo la 1946 anawafundisha hesabu.

Kundi la pili ni vile vya serikali ya kikoloni. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jarida la Nos Images lilitolewa kwa ajili ya Wakongo, likiwa na maandishi ya Kifaransa pamoja na lugha kubwa za nchi, Kiswahili kikiwamo. Ndani yake mlikuwa na visa vya Mbumbulu na familia yake. Mbumbulu ni baba wa mfano: huvaa vizuri, hufanya kazi kwa bidii, hutunza nyumba na kufuata taratibu za wakubwa.

Kundi la tatu ni vile vya Wakongo wenyewe. Mwaka 1968 Achille Ngoye na Freddy Mulongo walianzisha mjini Kinshasa jarida la Jeunes pour Jeunes, ambalo baadaye, katika enzi ya siasa ya Mobutu ya kurudia asili, liliitwa Kake. Humo vijana walikutana na mashujaa kama Apolosa, waliosema Kifaransa kilichochanganywa na Indubili, yaani lugha ya mitaani iliyojengwa juu ya Kilingala. Katika miaka ya 1970 Mongo Sisse naye aliwachora Mata Mata na Pili Pili, ambao watazamaji wa filamu za misheni za miaka ya 1950 walikuwa wamekwisha kuwazoea.

Mgawanyo huu unadhihirisha jambo moja la ajabu. Katika makundi yote matatu, Kiswahili kilionekana wazi kwenye karatasi katika lile la pili tu, yaani lile la mahubiri. Vitabu vilivyochekesha na kusisimua vilikuwa katika lugha nyingine. Mtoto wa Kasongo alipewa Kiswahili alipokuwa akiadibishwa, na alinyimwa alipokuwa akiburudika. Kwa hiyo ilimbidi akilete mwenyewe.

4. Namna ya kusoma

Kijitabu kimoja hakikusomwa na mtu mmoja. Mahali palipo mbali na mitambo ya kuchapia, karatasi ni chache, na kijitabu hupita mikono mingi mpaka jalada lichanike. Katika mazingira hayo aliyejua Kifaransa, mara nyingi yaya, kama ndugu mkubwa anavyoitwa huko, hukaa katikati akiwa amekishika, na wadogo humzunguka. Yaya huweka kidole juu ya picha na kusema. Wadogo hawasomi, wanatazama na kusikiliza.

Ni kosa kuuita usemaji huo tafsiri peke yake. Hadithi ya picha ina sifa isiyopatikana katika riwaya: sehemu kubwa ya tukio haichorwi. Katika mraba mmoja mtu ameinua rungu, katika mraba unaofuata mwenzake amekwisha kulala chini, na pigo lenyewe limo katika nafasi nyeupe iliyo kati ya miraba hiyo miwili. Msomaji wa kimya huijaza nafasi hiyo kwa fikra. Msimulizi hawezi kunyamaza hapo, kwa maana wadogo wanamngoja. Lazima alitie pigo sauti, aeleze lilikoangukia, na pengine aongeze neno la dharau ambalo mchoraji hakulifikiria. Aidha, anapokutana na neno la Kifaransa asilolijua, hawezi kukiri, kwani ukubwa wake umo mashakani. Hulitazama lile jambo lililochorwa na kubuni maneno yanayolifaa. Hapa ndipo ujinga wa lugha ngeni unapogeuka kuwa utunzi.

Mbinu hizi zinajulikana kwa kila mwanafunzi wa fasihi simulizi: tanakali za sauti, takriri, kuigiza sauti za wahusika, kumwuliza msikilizaji swali kabla ya kugeuza ukurasa. Tofauti ni moja tu. Msimulizi wa ngano hana kinachomfunga ila kumbukumbu yake. Msimulizi wa picha amefungwa na picha ambayo wasikilizaji wake wanaiona. Akisema uongo, mdogo mwenye macho makali atamkanusha. Huu ni utanzu wenye kanuni zake, ingawa haujapewa jina.

5. Kilichobadilika katika kusimuliwa

Faida ya uchambuzi huu huonekana wazi mtu anaporudi kwenye kitabu cha Tintin. Msomaji mzima hawezi kukisoma bila maumivu. Wakongo wamechorwa kwa midomo mikubwa na macho ya kushangaa. Gari la Tintin linagongwa na treni, na treni ndiyo inayoanguka. Kisha abiria wanasukumwa wafanye kazi kama watoto wavivu. Zaidi ya yote, Tintin na hata mbwa wake husema Kifaransa fasaha, ilhali Wakongo wamepewa Kifaransa kilichovunjika. Mwaka 2007 Mkongo Bienvenu Mbutu Mondondo alifungua mashtaka Ubelgiji akitaka kitabu hicho kizuiwe. Mwaka 2012 mahakama za Brussels zilikataa ombi lake. Uamuzi huo haukuondoa swali analojiuliza mtu aliyekipenda kitabu hicho utotoni: je, alikuwa akijicheka mwenyewe?

Jibu limo kwa sehemu katika lugha. Kifaransa kilichovunjika hakina mahali pa kukaa katika Kiswahili cha yaya. Msimulizi wa Kasongo anapomsemea mwenye duka, mganga au abiria wa treni, humsemea kwa lugha yake mwenyewe, nayo haijavunjika. Tintin vilevile anasema lugha hiyohiyo, maana yaya hana nyingine ya kumpa. Kwa tendo hilo moja, lisilokusudiwa, tofauti ya ngazi iliyojengwa na mwandishi kwa njia ya usemi huporomoka. Mgeni na mwenyeji hujibizana kama majirani wawili wanaogombana sokoni. Pengine Tintin ndiye hugeuka mtu wa kuchekwa, kwa sababu anakimbia jua lote akiwa na mbwa asiyewinda.

Hata hivyo, uhakiki usitie chumvi. Usimulizi hubadilisha maneno; haubadilishi wino. Midomo ilibaki kama ilivyochorwa, na mtoto aliiona. Yaya angeweza kumpa abiria wa treni akili, lakini hakuweza kumpa uso. Kwa hiyo mtu mzima hana sababu ya kujitakasa kwa kusema kwamba utotoni hakudhurika. Analoweza kusema kwa haki ni kwamba upendo wake ulielekea kwenye kitabu tofauti na kile anachokionea aibu leo, na kwamba katika kitabu hicho watu wake walisema vizuri.

Kwa Jeunes pour Jeunes mambo yalikuwa mengine. Hapo waliochorwa, waliochora na waliosoma wote walikuwa Wakongo, lakini lugha ilikuwa ya mji mkuu. Upande wa mashariki Kilingala kilisikika zaidi kama lugha ya askari na ya Kinshasa. Msimulizi wa Kabambare alikuwa na uchaguzi: kuligeuza kila neno liwe Kiswahili, au kuliacha neno la Kilingala lisimame palipohitajika ukali wa askari. Uchaguzi wa namna hiyo ni wa kimtindo kabisa, na mwanafunzi wa isimujamii angefurahi kuupata kwenye kanda.

6. Ushahidi wa jirani

Je, upo ushahidi kwamba picha zenye Kifaransa zinaweza kubeba matini ya Kiswahili isiyoandikwa? Upo, na unatoka kusini mwa Maniema, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Shaba. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mfululizo wa picha zipatazo mia moja juu ya historia ya nchi yake. Maandishi yaliyomo ndani ya picha hizo ni ya Kifaransa. Lakini Tshibumba alipoulizwa azieleze, alizieleza kwa Kiswahili, na maelezo hayo, yaliyonaswa kwenye kanda na kuchapishwa na Fabian mwaka 1996, ni marefu na mazito kuliko maandishi ya kwenye turubai. Mtu aliyesoma Kifaransa cha picha peke yake hakuipata historia ya Tshibumba.

Picha za kuchora kwa rangi si vijitabu vya watoto, na Tshibumba alikuwa mtu mzima mwenye shabaha. Lakini mpangilio ni uleule: Kifaransa ndani ya mraba, Kiswahili nje yake, na maana ya kazi nzima ikiwa imelala katika kile cha nje. Tofauti iliyopo ni kwamba Tshibumba alipata mtu wa kumsikiliza akiwa na mashine ya kunasia sauti. Yaya wa Kasongo hakumpata.

7. Swali la Kiswahili kwenye karatasi

Mwaka 1999 Rose Marie Beck aliuliza katika kichwa cha makala yake kama kilichopo ni vibonzo katika Kiswahili au vibonzo vya Kiswahili. Aliyeulizwa swali hilo nchini Kenya au Tanzania alikuwa na karatasi za kurejelea. Wakenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyeanza kuchorwa katika miaka ya 1950 na kudumu kwa miongo mingi katika Taifa Leo. Watanzania walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baadaye wakawa na jarida la Sani. Mtu mzima wa Nairobi au Dar es Salaam akitaka kuurudia utoto wake, anaweza kuingia maktaba, akafungua majalada ya magazeti, akakuta neno lilelile alilolicheka.

Kusini mwa Maniema swali la Beck hupata jibu lisilotarajiwa. Mbumbulu alikuwa kibonzo katika Kiswahili, kwa maana lugha ilikuwapo kwenye karatasi. Lakini fikra yake, maadili yake na mzaha wake vilitoka kwa mtawala. Kitabu cha Kifaransa kilichosimuliwa barazani hakikuwa na neno hata moja la Kiswahili, na pamoja na hayo kilikaribia zaidi kuwa kibonzo cha Kiswahili. Kigezo cha lugha iliyochapishwa, ambacho wahakiki wengi hukitumia bila kukihoji, hakitoshi.

Wala haifai kudhani kwamba lugha za Kongo haziwezi kukaa ndani ya kiputo. Mjini Kinshasa, kuanzia mwaka 1990, Papa Mfumu'Eto alichora na kuuza vijarida vyake kwa Kilingala, vya karatasi hafifu na bei nafuu, na watu wazima walivisoma kwa hamu. Kinshasa palikuwa na soko kubwa, mitambo na barabara za kusambazia. Kasongo na Kabambare hazikuwa na hivyo, na baadaye zikapitiwa na vita vya 1996 hadi 2003. Ukosefu wa vibonzo vya Kiswahili huko hautokani na upungufu wa lugha wala wa wasimulizi.

8. Kurudi ukubwani

Huko Ulaya, mtu mzima anayeurudia upenzi wake wa utotoni huuelekeza kwenye kitu chenyewe. Jumba la makumbusho la Hergé lilifunguliwa Louvain-la-Neuve mwaka 2009, na mwezi Januari 2021 mchoro mmoja wa jalada la Tintin uliuzwa mnadani Paris kwa zaidi ya yuro milioni 3. Karatasi ndiyo inayotunzwa, kwa kuwa karatasi ndiyo iliyobeba kila kitu.

Mkongo mwingine amerudi kwa njia ya kuumba. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, alianza kuchora akiwa kijana na hajaacha. Mwaka 2014 alitoa Madame Livingstone, kilichoandikwa pamoja na Christophe Cassiau-Haurie, kisa cha Vita Kuu ya Kwanza kwenye Ziwa Tanganyika, ambapo rubani wa Kibelgiji anaongozwa na chotara anayedai kuwa mwana wa Livingstone na kuvaa sketi ya Kiskoti. Hapa mzungu ndiye asiyejua njia, na mwenyeji ndiye mwenye kumbukumbu. Ni kitabu cha mtu mzima aliyeipenda sanaa hii tangu utotoni, na sasa anaijibu kwa penseli. Lakini nacho ni cha Kifaransa. Msomaji wa Kabambare anayetaka kumwonyesha mjukuu wake atalazimika kuweka kidole juu ya picha na kusema, kama zamani.

Jina hilo la Livingstone si geni Kabambare. Mwaka 1870 na mwanzoni mwa 1871 msafiri huyo alikwama Bambarre, kama alivyopaita, akiugua vidonda vya miguu. Karatasi zilipomwishia, aliandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani kwa wino wa matunda ya porini. Wino ule ulififia, na gazeti la chini likabaki likisomeka kuliko maneno ya juu yake. Mwaka 2011 wataalamu waliyatoa tena maneno hayo hadharani kwa kuzipiga picha kurasa hizo katika mianga ya namna mbalimbali. Kazi kubwa na fedha nyingi zilitumika ili maneno ya mtu mmoja yaliyoandikwa juu ya chapa ya wengine yasipotee.

9. Hitimisho

Usimulizi wa vijitabu vya picha ulikuwa nao maneno yaliyowekwa juu ya chapa ya wengine, ila wino wake ulikuwa sauti. Kuurudisha hakuhitaji mitambo ya gharama. Kunahitaji kijitabu cha zamani, mtu mzima aliyekisikiliza au kukisimulia utotoni, kinasa sauti, na mtafiti mwenye subira ya kumwacha aseme kwa Kiswahili chake bila kukisahihisha kiwe cha Unguja. Msimulizi apewe picha, mraba baada ya mraba, na maneno yake yawekwe sambamba na yale yaliyochapishwa. Ulinganisho huo utaonyesha alichokiacha, alichokiongeza, na mahali alipokataa kumtii mwandishi.

Muda haupo mwingi. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 lilipotoka toleo la kwanza la Jeunes pour Jeunes alizaliwa mwaka 1958, na yaya aliyemsomea ni mkubwa zaidi. Maktaba za Brussels na Kinshasa zitavitunza vijitabu. Kiswahili kilichovifanya vipendwe Kasongo na Kabambare hakimo katika maktaba hizo, na idara za Kiswahili ndizo zenye wajibu wa kwanza wa kwenda kukisikiliza wangali hai wanaokikumbuka.